Mkono wa Bidoni

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Pikapu yangu ya mazutu, yaani dizeli, ina umri karibu sawa na binti yangu, na bado inapanda milima ya Masisi wakati magari yaliyokuja juzi yanalala matopeni. Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, nafungua boneti, naweka kikombe cha bati chini ya chujio la mazutu na kulegeza kizibo kidogo kilicho kwenye kitako chake. Maji ni mazito kuliko mazutu, kwa hiyo yakiingia kwenye chujio hukaa chini kabisa na kutoka kwanza. Nakiinua kikombe kwenye mwanga na kukitikisa kidogo. Nikiona tone linalotambaa peke yake chini, hayo ni maji, namwaga mpaka yaishe. Nisipoliona, nakaza kizibo na kwenda kunywa chai. Kabla sijamaliza chai narudi kuhakikisha kama nilikaza kweli.

Madereva wenzangu wa barabara ya Masisi mpaka Walikale wamenipachika jina la utani kwa sababu ya kikombe hicho, nami sitaliandika hapa, maana wajukuu watasoma. Wanasema nikifa nitaomba jeneza lenye kizibo chini. Wacheke. Wao wamelala msituni mara ngapi?

Mimi nililala mara moja, siku tatu, na ilinitosha. Ilikuwa zamani, mbele ya Walikale, mvua ikinyesha juu ya turubai, na mzigo wa ndizi za watu ukiiva na kuoza nyuma yangu. Mazutu yangu yalikuwa na maji. Niliporudi nyumbani hapa Mpofi nikiwa na homa na hasira, nikamkuta mke wangu anaanua mabidoni, yale madumu yangu ya kubebea mazutu, kwenye jua. Alikuwa ameyaosha kabla ya safari, kwa nia njema, na kwenye moja maji yalibaki. Nikamfokea mbele ya majirani. Nilisema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nakunja uso. Halafu nikatoa sheria kama chifu: kuanzia siku hiyo, bidoni la mazutu haliguswi na maji. Si maji ya mto, si ya mvua, si ya kunawia.

“Sawa, Papa,” akasema mke wangu.

Tangu siku ile chujio langu halikuniangusha tena. Miaka na miaka. Na mimi nilijisifu, nani asingejisifu? Nilikuwa nawaambia madereva vijana: siri ni hiyo tu, bidoni lisionje maji.

Lazima nieleze kuhusu mabidoni yenyewe. Mke wangu alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, haya tunayoyaita huku mafuta ya ngazi. Aliyanunua kwa wakamuaji wa vijijini, akayatia kwenye mabidoni ya njano ya lita ishirini, na mimi nikayapandisha Masisi, kwa kuwa huko juu wana maharage, maziwa na jibini, lakini michikichi haistawi kwenye baridi. Bidoni likizeeka, mfuniko ukilegea, halifai tena kwa mafuta ya kula. Hapo lilistaafu na kuja kwangu, liwe la mazutu. Alikuwa ananiletea mwenyewe mpaka garini, na kila mara alisema neno lile lile: “Iko tayari, Papa.” Nami kila mara nililipokea, nikalitikisa sikioni, nikatia pua kwenye mdomo wake kunusa. Mbele yake. Halikuwa na tone wala harufu. Nikaridhika na sheria yangu.

Alifariki mwaka jana wakati wa mvua nyingi. Wiki chache baadaye binti yetu, anayeishi nami, akajifungua mtoto wa kike, tukampa jina la bibi yake. Sijui niseme nini kuhusu mtoto huyo. Namwita Mama, kama nilivyokuwa namwita mwenye jina, na akiniona anapiga makofi. Alikuwa na miezi kumi wakati surua ilipoingia Mpofi.

Iliingia nyumba ya tatu kutoka kwetu, kisha ya pili, kisha ikavuka ua. Watoto wa jirani, ambao mjukuu wangu alikuwa anatambaa nao juu ya mkeka mmoja, wakawa na macho mekundu na vipele usoni. Mjukuu wangu hakuwa amechanjwa. Alipofikisha miezi tisa chanjo ilikuwa imekwisha kwenye kituo chetu cha afya, na ilikuwa inasubiriwa kutoka Masisi wiki baada ya wiki. Nilikuwa naamka mara nne kumgusa paji la uso. Binti yangu akaniambia nitampa mtoto homa kwa kumgusagusa.

Ndipo muuguzi wa kituo akaja kwangu. Ni mwanamke wa makamo, hana maneno mengi, amezalisha nusu ya kijiji. Alisema chanjo imefika Masisi, lakini pikipiki ya kituo imevunjika fremu, na yeye hawezi kungoja.

“Papa, gari yako iko inatembea?”

“Yangu? Hata kesho asubui tunapanda,” nikajibu.

Nikaenda kuandaa mabidoni. Mazutu ya Masisi ni rahisi kuliko ya huku, kwa hiyo huwa napanda na mabidoni matupu na kuyajaza kule. Yale manne ya zamani yalikuwa yametoboka kwa kugongana njiani. Nikaingia stoo ya marehemu, mara ya kwanza tangu msiba, nikachagua manne ya mafuta yaliyokuwa yamezeeka. Nikayapindua mdomo chini siku nzima yachuruzike, nikafunga kitambaa kwenye fimbo na kufuta ndani mpaka kitambaa kikatoka kikavu. Niliporudi nyuma ya nyumba nikamkuta binti yangu ameinjika sufuria kubwa ya maji, na kando yake kuna ndoo ya majivu.

“Ya nini hayo?”

“Ya kuosha mabidon, Papa. Mama alikuwa…”

Sikumngoja amalize. Nilimfokea kama nilivyomfokea mama yake, karibu maneno yale yale, na mtoto mgongoni akaanza kulia. Nilisema: unataka nilale msituni na chanjo ya mwanao? Akaitua sufuria. Hakusema hata sawa.

Tulipanda Masisi kwa mazutu yaliyokuwa kwenye tangi, bila tatizo. Jioni nikanunua mazutu kwa mama mmoja anayeuza kando ya soko. Nikayachuja kama kawaida yangu kupitia kipande cha kofia yangu ya zamani ya sufu, ile nzito, ambayo ikishashiba mazutu haipitishi maji kirahisi. Nikajaza manne, mawili nikayamimina kwenye tangi. Muuguzi naye akachukua chanjo. Lakini alirudi uso umekunjamana. Jokofu la pale lilikuwa la nguvu za jua, na mvua ilikuwa imeshinda siku tatu, kwa hiyo vipande vya barafu alivyopewa kuweka kwenye sanduku la baridi havikuganda mpaka katikati.

“Papa, nisikilize,” akaniambia. “Hii barafu haiko na nguvu. Tukifika Mpofi saa kumi ya mangaribi, niko naweza kudunga batoto. Ikipita saa kumi, sijue. Joto ikipita mupaka, chanjo inakufa, na sitadunga mutoto maji ya bule.”

Saa kumi jioni. Barabara ile ikiwa na huruma inachukua saa saba. Tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Asubuhi ilikuwa ya ukungu na baridi ya kung'ata vidole. Ng'ombe kwenye mteremko walionekana miguu tu. Niliweka kikombe changu chini ya chujio, nikalegeza kizibo, nikainua kwenye mwanga mdogo uliokuwepo. Hakuna tone la maji. Nikatazama mara mbili, nikamwonyesha na muuguzi, ingawa hakuwa ameuliza. Nikajiambia leo Mungu yuko nasi. Tukaondoka kwa wakati.

Hatukuwa tumefika mbali, kwenye kilima cha kwanza kirefu baada ya mji, nikasikia injini inapungua nguvu. Nilikanyaga mafuta, haikuitika. Nikashuka gia, ikavuta kidogo, ikapungua tena, ikazima.

“Ni maji,” nikamwambia muuguzi, hata kabla sijashuka. “Yule mama alitutilia maji.”

Nikafungua boneti, nikatoa kikombe. Maji hayakuwepo. Nikamwaga kikombe kizima, nikakinga kingine, nikakitikisa, nikakiinua. Hakuna. Ningeyaona maji ningefurahi, wallahi, maana maji nayajua, ni adui niliyezoeana naye. Nikajaribu pampu ya mkono iliyo juu ya chujio, ile ya kuvutia mazutu. Ilikuwa ngumu, haizami. Maana yake chujio limeziba. Lakini limezibwa na nini, ikiwa nimelibadilisha mwezi huo huo?

Nilikuwa na moja la akiba, nalibeba siku zote chini ya kiti, limefungwa kwenye mifuko miwili. Nikafungua la zamani, nikalijaza jipya mazutu, nikalikaza kwa mkono, kisha nikalegeza skrubu ya kutolea hewa na kupiga pampu mpaka mapovu yakaisha na mazutu yakatoka manyoofu. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Injini ikawaka. Nikamtukana yule mama muuza mazutu kwa lugha tatu. Baadaye nilikuja kumwomba radhi, naye akanitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, kwa kuwa hakuwa amesikia hata tusi moja.

Muuguzi alikuwa amekaa na sanduku la baridi mapajani, amelikumbatia. Lilikuwa na kipimo kidogo cha joto ndani, akakichungulia kwa haraka na kufunga.

“Ine,” akasema. Nyuzi nne. Mpaka wake ulikuwa nane.

Tukatembea labda dakika ishirini. Nilikuwa nasikiliza injini kwa mwili mzima. Nilizima hata redio ambayo haikuwa imewashwa, nikimaanisha niligusa kitufe chake kuhakikisha. Kisha, kwenye kilima kilichofuata, ukungu ukiwa bado mzito, nguvu ikapungua vile vile. Injini ikazima mbele ya nyumba moja ya mbao iliyokuwa inatoa moshi.

Sikuwa na chujio la pili la akiba. Hapo ndipo niliogopa kweli kweli, si wasiwasi wangu wa kila siku ambao nimeuzoea kama viatu. Nilimwona mjukuu wangu juu ya mkeka na watoto wenye macho mekundu. Nikaona saa: ilikuwa inakaribia saa mbili. Nikafungua chujio, nikamimina kilichomo ndani ya kikombe. Mazutu yalikuwa yamepoteza mng'ao, yana ukungu, na ukingoni mwa chujio kulikuwa na kitu kama uji mzito wa rangi ya chungwa. Nikakigusa. Kikanata. Miaka yote hiyo kwenye mazutu na sikuwahi kuona kitu kile. Nikawaza sabuni, nikawaza rangi ya ndani ya tangi, nikawaza watu wabaya.

Mama wa ile nyumba akatoka na mwiko mkononi. Alikuwa mzee, kavaa koti la kiume juu ya kitenge. Akatusalimia, akauliza tumepata nini, muuguzi akamweleza kuhusu chanjo. Akasogea, akatumbukiza kidole kwenye kikombe changu bila kuomba ruhusa, akasugua kwa kidole gumba, akanusa.

“Papa, lakini hii iko mafuta ya ngazi.”

“Haiwezekane. Ni mazutu.”

“Mazutu iko ndani, njo. Lakini hii iko mafuta ya ngazi. Sufuria yangu ya jana ukiiangalia asubui iko hivi hivi. Baridi ya huku inayakamatisha.” Akanifutia kidole chake kwenye kiganja changu na kukizungusha. “Ona, mukono yako ikiyapasha moto, yanayeyuka.”

Na kweli, kile kinato kikalegea, kikawa mafuta mekundu, na harufu ya jiko la mke wangu ikanipanda puani.

Nilielewa yote kwa mara moja. Niligeuka nyuma ya gari, nikachukua bidoni tupu kati ya yale niliyomimina jana, nikalipindua na kupigapiga. Si mdomoni wala kitakoni. Ni kwenye mkono wake. Ule mkono wa kubebea una uwazi ndani, na fimbo yangu yenye kitambaa haikuweza kufika humo. Nikapiga kwa kiganja, na kutoka kwenye uwazi ule kikadondoka kipande kigumu cha chungwa, kikubwa kama kidole. Kulikuwa na mikono minne kama huo. Kule Mpofi kwenye joto mafuta yangepita kwenye chujio bila mimi kujua. Huku juu kwenye ukungu yaliganda na kuliziba.

Muuguzi alikuwa amesimama kando yangu. Alikitazama kile kipande.

“Ule mama wa mazutu njo alituchanganyia?” akauliza.

“Labda,” nikasema.

Naona aibu kuliandika neno hilo, lakini ndilo nililosema.

Yule mama mzee alikuwa na sufuria ya maji motoni kwa ajili ya bugali ya wajukuu zake. Akaitoa na kuileta barabarani kwa mikono yake. Nikarudisha chujio mahali pake, nikalizungushia kitambaa, na tukamwagia maji yale polepole, kikombe baada ya kikombe, huku nikipiga pampu. Mwanzoni ilikuwa ngumu. Kisha ikalegea. Kisha ikazama. Nikatoa hewa, nikakaza, injini ikawaka na moshi mwingi, na yule mama akapiga kigelegele kifupi.

“Mumwangie maji tena akizima,” akasema, kana kwamba gari ni mgonjwa. Akatupatia maji yaliyobaki, nasi hatukuwa na chombo. Muuguzi akachukua chupa yake ya chai, chai ya maziwa aliyoilipia asubuhi ile na hakuwa ameinywa, akaimwaga kwenye majani na kuijaza maji ya moto.

Basi tukaondoka hivyo. Sanduku la baridi mapajani mwake, chupa ya maji ya moto katikati ya miguu yake. Nilikuwa natazama vyote viwili kuliko nilivyotazama barabara.

“Papa,” akasema baada ya muda, “miye glasiere yangu, sanduku hii, inataka baridi, weye gari yako inataka moto. Tumuombe Mungu kitu gani?”

Nilicheka, nikakohoa, karibu nilie. Maana ndivyo ilivyokuwa. Ukungu ule uliotuhifadhia chanjo ulikuwa unaziba chujio langu. Tulisimama mara tatu zaidi kumwagia maji, mara moja katikati ya tope, mimi nimezama mpaka magotini, na kila tuliposimama alichungulia kipimo. Ine. Ine. Tano.

Baada ya Nyabiondo jua likatoka. Barabara ikaanza kushuka, joto likapanda, na gari likapona bila dawa. Injini ikawa inaimba. Siku nyingine ningepiga mluzi. Siku ile kila nilipohisi jasho shingoni niliona barafu inayeyuka. Tulifungua vioo, muuguzi akavua kitenge chake cha juu na kukifunika sanduku, kisha akakilowesha maji ya kunywa. Tukafika kwenye kizuizi cha barabarani, walinzi wakataka kufungua sanduku waone kuna nini. Muuguzi hakupandisha sauti. Aliwaambia, “Mukifungua, mutoto wa mumoja kati yenu atakufa na surua, nami nitamwambia mama yake.” Wakainua kamba.

“Sita,” akasema tulipopita Kashebere. Ilikuwa saa nane na robo.

Nilishindwa kunyamaza. Sijui ni kwa nini hapo, labda kwa sababu ya ile namba. “Haiko mama wa mazutu,” nikamwambia. “Njo miye. Ni mabidon yangu. Binti yangu alitaka kuyaosha na maji ya moto, nikamufokea.”

Nilitamani anitukane.

“Endesha, Papa,” akasema.

Tuliingia Mpofi saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Nilijua kwa sababu nilikuwa nimetazama saa mpaka macho yakauma. Akina mama walikuwa wamekaa mbele ya kituo na watoto mapajani, tangu asubuhi, na binti yangu alikuwa kati yao. Muuguzi hakushuka upesi. Alifungua sanduku kwanza, hapo hapo ndani ya gari. Barafu ilikuwa maji. Akakitoa kipimo na kunionyesha: saba. Kisha akatoa vichupa kimoja kimoja na kutazama alama ndogo iliyo juu yake, mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweusi sawa na duara, chanjo imekufa. Alivipanga kwenye kitambaa. Miraba yote ilikuwa bado myeupe.

“Zote ziko nzima,” akasema, na akashuka akikimbia, mwanamke ambaye sijawahi kumwona anakimbia.

Mjukuu wangu alikuwa wa saba. Alidungwa mkononi, akanyamaza kwanza kwa mshangao, halafu akalia kwa sauti iliyosikika mpaka barabarani. Nililia naye. Sijali nani aliona. Binti yangu alinipa nimshike.

Tukakaa kwenye benchi nje. Nilimweleza. Nilisema polepole, nikitazama miguu yangu yenye tope, kuhusu mkono wa bidoni, mafuta yaliyoganda, na sufuria ya bugali ya yule mama. Nikasema, “Mwanangu, weye njo ulikuwa na haki. Unisamehe.” Sikuwa nimewahi kumwambia neno hilo, wala mama yake.

Alikuwa anafunga mtoto mgongoni upya, na nikaona anawaza kama aseme au asiseme.

“Papa, Mama alikuwa anayaoshaka.”

“Yapi?”

“Yote. Kila bidon iliyotoka ku mafuta kwenda ku mazutu. Alikuwa anangoja uende Walikale. Maji ya moto na majivu na vijiwe kidogo, anatikisa, tena maji ya moto mu ule mukono yake, mara tatu. Kisha anayatundika mudomo chini juu ya moto wa jikoni siku mbili, mupaka yanakauka kabisa. Tulikuwa tunamusaidia. Alitukataza kukuambia. Alisema: Papa yenu anaogopa maji, mumuache, tuyakaushe tu vizuri.”

Watoto walikuwa wanaendelea kulia mmoja mmoja mlangoni. Nilifikiria miaka yote ile ya kujisifu mbele ya madereva, na kila mara aliponiletea bidoni hadi garini, na mimi nikalitikisa sikioni mbele yake, nikanusa, nikamtazama. Aliniacha ninuse.

Kesho yake nilichochea moto mwenyewe. Nilitoa mazutu yote kwenye tangi na mabidoni, nikayaweka kwenye pipa kwa ajili ya kinu cha jirani, kinachofanya kazi kwenye joto na hakichagui. Binti yangu alileta majivu na vijiwe. Nilipomimina maji ya moto kwenye mdomo wa bidoni la kwanza mkono wangu ulikataa, maji yakaniunguza kidole. Yeye akashika bidoni, mimi nikamimina. Tuliosha yote manne, mara tatu, tukilaza kila moja upande ili maji yapite kwenye mkono wake, mpaka yakatoka masafi. Kisha akapanda kwenye kigoda na kuyatundika juu ya moto, kwenye misumari minne ambayo ilikuwa imepigiliwa kwenye boriti la jikoni. Nimekula chini ya boriti hilo maisha yangu yote ya ndoa, na sikuwahi kuuliza misumari ile ni ya nini.

Siku ya tatu nilikuwa uani, boneti wazi, kikombe mkononi. Binti yangu alikuja na bidoni la kwanza, mtoto mgongoni.

“Iko tayari, Papa,” akasema.

Nikalipokea kwa mikono miwili, na nikalipakia garini bila kulitikisa.